Ukuta wa Shemeji

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu za mama zitangulie, kisha zangu. Naandika kwa anwani ya wodi unayouguzia kwa sababu siku hizi kila nikipiga simu yako anapokea mumeo, na ninalotaka kusema si la kupokelewa na yeye. Barua nimempa dereva wa lori la unga. Ataiacha mapokezi hapo hospitalini.

Jana asubuhi mikate ikiwa bado tanurini, nilisikia sululu zikipiga chini. Nikatoka hivyo hivyo na aproni yangu, mikono imejaa unga. Nikakuta mafundi wamevuta kamba kutoka pembe ya nyumba ya mbele mpaka ukuta wa jirani, imekatisha njia yetu katikati, na msingi wameshauchimba unafika magotini.

Nikamuuliza msimamizi wao, "Ndugu yangu, hapa si ndipo watu wanapita?"

"Mama, mimi nimepewa ramani. Kwenye ramani hakuna njia."

"Na ramani kakupa nani?"

"Mwenye kiwanja."

Mwenye kiwanja. Tangu Mzee wa Mbele afariki, mwenye kiwanja ni mwanawe mkubwa, na mwanawe mkubwa ndiye mumeo. Wewe umekulia hapa, huna haja ya kuelezwa, lakini naandika isije ikasemwa nilinyamaza. Kiwanja chetu na cha mbele vilikuwa kimoja. Mzee wa Mbele alikikata, akamuuzia baba kipande cha nyuma ambacho hakigusi barabara yoyote. Sasa mtu akuuzie nyumba halafu uiingie kwa ungo, kama mchawi?

Mama aliuliza kelele ni za nini. Nilimwambia wanatengeneza bomba. Tangu apate kiharusi hapendi kuambiwa mambo nusu nusu, na mimi jambo zima sina.

Sikulaumu. Nauliza tu kama ulijua.

Dada yako


8 Machi

Dada, shikamoo.

Sikujua. Naapa kwa kaburi la baba, sikujua.

Nilijua anajenga fleti pale, nani asiyejua, amezungumza habari za fleti mpaka wagonjwa wangu wanazifahamu. Nilijua na ukuta wa uani utakarabatiwa. Lakini ya kukata njia nimeyasoma kwako, nimesimama kwenye korido ya wodi na sindano mkononi.

Jioni nilimuuliza akiwa anavua viatu. Hakukasirika. Alinikunjulia mchoro mezani akanionyesha: hapa jengo, hapa ua uliofungwa, hapa magari ya wapangaji. "Na mama yangu?" nikasema. Akaweka kidole pembeni: "Hapa kutakuwa na mlango wa miguu. Mama atapita, dada atapita. Mimi ni mnyama?" Dada, nimeishi naye, akisema kitu hukitenda. Nimemwamini.

Ila naye alikuwa na swali. Alisema, "Dada yako tangu lini anaingiza lori la unga uani alfajiri, la kutikisa madirisha?" Mimi nilidhani unga bado unaletwa kwa mkokoteni, kama zamani.

Tafadhali, usikimbilie kwa mawakili. Haya ya ndani tuyamalize ndani.

Mdogo wako


12 Machi

Shemeji,

Habari za hapo, na hali ya mama mkwe. Nimeona heshima ni kuandika mwenyewe kuliko kutuma watu.

Marehemu baba aliwaacha mpite uani kwetu miaka yote kwa wema wake. Hati ya kiwanja ninayo mimi, nimeisoma mbele na nyuma, na neno njia halimo. Kitu kilichotolewa kwa hisani hakigeuki mali ya aliyepewa. Hizi fleti zina watu walioahidiwa ua uliofungwa, na wengi wana watoto. Siwezi kuwaambia watoto wa watu wacheze baina ya magurudumu ya lori lako. Na kalavati ya mtaro wetu iliyopasuka, wewe unajua na mimi najua imepasuliwa na nini.

Zaidi ya hayo, mmejengewa ngazi za mawe nyuma ya kiwanja chenu, zinazoshuka hadi barabara ya chini. Kwa hiyo si kweli kwamba mmefungiwa. Hata hivyo nitaacha mlango wa miguu kwa kumheshimu mke wangu.

Naomba tusimsumbue mdogo wako kwa jambo hili. Ana zamu nyingi na usingizi wake ni mchache.

Shemeji yako


19 Machi

Mteja wangu,

Uliniambia nikuandikie kwa Kiswahili cha mkate, siyo cha mahakama. Najaribu.

Unachodai kinaitwa haki ya njia. Haikupi hata tofali moja la shemeji yako. Ardhi inabaki yake, wewe unapita tu. Lakini kama haki hiyo ipo, haikufungwa kwenye mtu, imefungwa kwenye ardhi. Kiwanja cha mbele kinabeba mzigo, kiwanja cha nyuma kinafaidika. Mzee wa Mbele akifa, mzigo unabaki. Mwanawe akiuza kesho, anayenunua ananunua na mzigo wake.

Tunaweza kuingilia milango miwili. Wa kwanza ni lazima: viwanja vilikuwa kimoja, kikakatwa, na kipande cha nyuma hakina pa kutokea. Mlango huu ungekuwa wazi kabisa kama si zile ngazi. Wenzetu watasema pa kutokea mnapo. Tutajibu kwamba ngazi si njia kwa mtu wa kiti cha magurudumu wala kwa gunia la unga, ila siwezi kukuahidi kwamba baraza la ardhi litakubali.

Mlango wa pili ni matumizi ya muda mrefu. Mmepita miaka na miaka, mchana kweupe, bila kutumia nguvu, bila kujificha, na (hapa unisome polepole) bila ruhusa. Najua linasikika kichwa chini miguu juu. Aliyepita kwa ruhusa ndiye asiye na haki, kwa sababu ruhusa ni hisani na hisani huondolewa. Aliyepita kama mtu anayepita kwake, na mwenye ardhi akaona akanyamaza, huyo ndiye sheria inamsikiliza. Hapo ndipo tutakapopigwa. Watasema Mzee alikuwa akiwaruhusu.

Nahitaji shahidi aliyekaa pande zote mbili. Umeniambia mdogo wako alikulia nyuma, akaolewa mbele, akaishi nyumba ile na mkwewe kabla ya kuhama. Simjui mtu mwingine wa aina hiyo.

La mwisho, usinifiche kuhusu lori. Haki ya njia haikui kama hamira. Njia iliyozoea mkokoteni haigeuki yenyewe kuwa ya lori la tani saba. Wataliuliza hili, na wakiuliza nataka niwe nimeshalisikia kutoka kwako.

Wakili wako


25 Machi

Mdogo wangu,

Mlango wa miguu umekamilika. Natamani uuone. Mtu mwembamba anapita ubavu ubavu kama kaa. Mimi nikipita natoka na chokaa matiti yote mawili. Kiti cha mama hakipiti. Tumejaribu, tukakikunja, tukakiinamisha, fundi mmoja akatuhurumia akasaidia, hakipiti. Mama alikuwa amebebwa mgongoni akitutazama tunavyohangaika, akasema, "Basi niacheni ndani, mimi si mwali?" Tukacheka. Alipoingizwa ndani hakula.

Unga unapandishwa kwa vichwa kutoka barabara ya chini. Vijana wa tanuri wanaacha kazi mmoja mmoja. Mvua ikianza ngazi zile zitakuwa sabuni.

Nimekwenda kwa wakili. Najua uliniomba nisiende. Amesema tunahitaji mtu wa kueleza baraza jinsi tulivyokuwa tukipita enzi za Mzee, na mtu huyo ni wewe. Sikuombi umtukane mumeo. Nakuomba useme ulichokiona.

Kuhusu lori, ni kweli. Mikate iliongezeka, mkokoteni ukazidiwa. Mzee alikuwa hai nilipoanza, akalalamika mara moja, nikamwambia ni kwa muda tu. Ndiyo hivyo.

Dada yako


1 Aprili

Dada,

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Unaniomba nisimame mbele ya watu, mume wangu ameketi upande ule, mimi upande huu, niseme maneno ya kumbomolea jengo. Halafu jioni nirudi nimpakulie chakula? Umefikiria nitalala wapi siku hiyo?

Nilimwambia kiti hakipiti. Akasema atawaambia mafundi wapanue. Nilipomuuliza tena akasema, "Nimeshawaambia." Labda amewaambia. Labda hakuwaambia. Wewe uko huko, mimi niko huku kati ya maneno yako na yake, na kila mmoja ananipa nusu.

Maana na wewe ulinipa nusu, dada. Mwezi mzima unanililia kama mtu aliyeonewa tupu, kumbe Mzee alikwisha kulalamika juu ya lori. Kalavati ile mtoto angeweza kuvunjika mguu. Kikulacho ki nguoni mwako, haya, sasa niambie nguo ipi niikung'ute.

Siwezi kuja. Usinikasirikie.

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Mama ameanguka.

Alfajiri alianza kubanwa na kifua. Gari la wagonjwa lilifika barabara ya mbele, wale wahudumu wakaja na machela mpaka kwenye ule mlango, wakaishia hapo. Machela haikupita. Tukaamua kumshusha kwa ngazi za nyuma, gari lizunguke. Vijana wangu wawili na jirani. Mvua ilikuwa inanyesha. Jirani aliteleza.

Nyonga imevunjika. Kifua kimetulia. Yuko hospitali ya hapa, anaongea.

Amekataza nisikuandikie. Amesema, "Huyo mwache na nyumba yake." Nimeandika.

Dada yako


7 Aprili

Mume wangu,

Umelala, sikuamshi. Nimekwenda kwa mama na sijui nitarudi lini.

Uliniambia umewaambia mafundi wapanue. Nitasimama kwenye ule mlango mwenyewe niutazame. Kama kiti kinapita, nitakuomba radhi mbele ya ndugu zako wote. Kama hakipiti, nitakwenda kwa wakili wa dada nimwambie niko tayari.

Dawa yako ya presha iko juu ya jokofu.

Mkeo


29 Aprili

Mdogo wangu,

Umerudi kazini bila kuaga, na mimi nashukuru maana sijui ningekuambia nini uso kwa uso.

Nilikaa kiti cha nyuma pale barazani siku ulipotoa ushahidi. Nilikusikia kwa masikio haya. Wakili wa mumeo akakuuliza kwa sauti laini kama anakupembeleza, "Mama yako alipokuwa akipita uani kwa marehemu, alikuwa akisema nini?" Na wewe ukajibu, hata hukumeza mate: "Alikuwa akisema, naomba njia, mzee."

Naomba njia! Ukamkabidhi kisu akiwa hata hajakiomba. Niliona alivyogeuka kwa mwenyekiti na tabasamu lake: "Mheshimiwa, anayeomba hupewa ruhusa." Nikamtazama wakili wetu, ameinama anaandika. Nikatoka nje. Nikaenda moja kwa moja kwa mama. Aliniuliza umesema nini. Nikamwambia umesema vizuri. Huo ndio uongo niliousema kukusitiri.

Ungebaki tu huko kwako. Kutokuja kwako kungetuumiza kidogo kuliko kuja kwako.

Dada yako


1 Mei

Mteja wangu,

Nilikutafuta baada ya shauri nikakukosa, na simu hupokei. Nasikia umeshamwandikia mdogo wako. Laiti ungeketi kidogo. Asiyekuwepo na lake halipo. Basi nikueleze yaliyopita ukiwa nje.

Mwenzetu alipokwisha kutabasamu, mwenyekiti alimuuliza mdogo wako, "Na marehemu alikuwa akimjibu nini mama yako?"

Akasema, "Alikuwa akijibu, pita, njia yako hiyo. Siku moja alikuwa ameweka kiti chake pale anaota jua. Mama akaomba njia. Mzee akainuka na kiti chake, akasema, samahani, mimi ndiye niliyeziba."

Wakili wa upande wa pili akaruka: "Hayo ni maneno ya adabu tu!"

"Ndiyo," mdogo wako akamwambia. "Yote mawili ni adabu, la mama na la mzee. Mama yangu akiwa mezani kwake husema naomba chumvi. Chumvi kainunua yeye, chombo chake, meza yake. Mheshimiwa wakili, kwenu hamuombani chumvi?"

Watu walicheka. Mwenyekiti naye alishindwa kujizuia, akajifanya anakohoa.

Kisha akauliza kama geti la njia ile liliwahi kufungwa. Hapo sauti ya mdogo wako ilibadilika. Alisema alipoolewa nyumba ile yeye ndiye aliyekabidhiwa funguo zote, na geti halikuwa na ufunguo. Alisema mumewe aliwahi kununua kufuli kubwa baada ya wezi kupita mtaani, akaja nalo kwa baba yake. Mzee akaligeuza geuza mkononi, akauliza, "Na watu wa nyuma watapita wapi?" Akamrudishia. Haya aliyasema akimtazama mumewe, si mwenyekiti. Shemeji yako hakuinua kichwa. Wakili wake alimnong'oneza kitu, naye akatikisa kichwa kukataa, na hawakumuuliza mdogo wako swali tena.

Nawe ujue, na la lori alilisema lote. Nilimwuliza mwenyewe, ili lisitoke kinywani kwao. Hakukupunguzia wala hakukuongezea.

Baraza litakuja kukagua eneo, na ujenzi umesimamishwa kwa amri ya zuio mpaka hapo. Tafadhali funika matanuri siku hiyo, mwenyekiti ana pumu.

Wakili wako


3 Mei

Mdogo wangu,

Barua yangu ya tarehe ishirini na tisa kama haijafika ichane. Kama imefika, ichome.

Nimemsomea mama ile ya wakili. Nilipofika kwenye chumvi alicheka mpaka nesi akaja kuangalia nyonga. Akasema, "Huyo nimemzaa mimi." Kisha akaniuliza unalala wapi. Unalala wapi?

Dada yako


6 Mei

Dada,

Imefika, na nilikuwa nimeshaisoma.

Nalala hosteli ya manesi, chumba kimoja na msichana wa mafunzo anayeongea usingizini. Siku nilipotoka barazani nilirudi nyumbani kuchukua sare zangu. Alikuwa amekaa sebuleni taa haijawashwa. Akasema, "Umemchagua dada yako." Nikamwambia, "Nimesema alichosema baba yako." Akasema, "Ni kitu kile kile." Nilikunja sare, nikachukua na pasi.

Unataka nikuambie nilikuwa na hasira na nani nilipokuwa nasoma ile barua yako? Nilikuwa na hasira na nyote wawili, mmekaa kila mmoja upande wake wa ukuta, kila mmoja ananivuta mkono. Mimi ndiye niliyekuwa msingi, dada. Kila mmoja anachimba.

Lakini mama amecheka. Basi.

Mpake mama mafuta mgongoni asipate vidonda, na mgeuze mara kwa mara, usiwaachie wao tu. Niandikie uamuzi ukitoka.

Mdogo wako


9 Mei

Mke wangu,

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na hosteli mlinzi ananitazama kama mwizi.

Kufuli lile nilikuwa nimelisahau. Sisemi hivi kujitetea. Ulipolitaja ndipo nilipoona uso wa baba siku ile. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba aliwaacha wapite kwa huruma tu, kwa sababu huruma ningeweza kuimaliza. Na wale niliowaahidi fleti wananiandama kila siku. Njia ikibaki, jengo la upande ule halitasimama kama nilivyolichora.

Jumamosi nilikwenda hospitali kumwona mama mkwe. Nilifika mlango wa wodi. Nikamwona dada yako anamlisha uji. Nikarudi.

Mafundi sikuwaambia wapanue. Ulitaka kulijua hilo.

Mumeo


11 Juni

Mdogo wangu,

Uamuzi umetoka, na nimeshinda na kushindwa katika karatasi moja.

Njia ipo. Itabaki na upana wake wa zamani, na itaandikwa kwenye hati zote mbili kwa msajili, ili hata tukifa sote, atakayenunua mbele akute imeandikwa. Kwa miguu, kwa kiti cha mama, kwa mkokoteni, kwa gari dogo. Lori hapana. Lori litasimama barabarani, na unga utaingia kwa mkokoteni kama enzi za baba. Na kalavati tunaitengeneza mimi na mumeo pamoja, maana njia ni ya kwake na mzigo wa kuitunza ni wa anayeitumia pia. Mwenyekiti alinitazama akasema, "Mama, haki ya kupita si haki ya kubomoa unapopita." Nilitamani ardhi ipasuke. Alichosema ni kweli.

Ukuta ulivunjwa Jumanne. Watu wa mtaa walikuja kutazama kama harusi. Mimi nilikuwa ndani nakanda. Kila nyundo iliposhuka nilikuwa nakufikiria wewe, na mkate wa siku ile ulitoka mgumu, wateja walisema.

Jana mama alitoka hospitali. Gari lilimleta mpaka getini, tukamshusha kwenye kiti, nikaanza kumsukuma. Pale ulipokuwa ukuta mafundi walifukia msingi ovyo ovyo, mvua ikaulainisha. Gurudumu likazama. Nikavuta, likazama zaidi. Mama akashika pembe za kiti, uso umemjaa maumivu.

Nilipoinua macho nikamwona mumeo. Alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha nyumba ya mbele. Sijui alikuwa pale tangu lini. Amekonda, shati limemning'inia. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Nilidhani atageuka aingie ndani, na nafsi yangu, Mungu anisamehe, ilitaka ageuke nipate cha kusema.

Mama ndiye aliyemwita. "Mkwe," akasema, "unatazama nini? Shika upande huo."

Akashuka. Akaingia kwenye lile tope na viatu vyake, akainama, akashika gurudumu kwa mikono miwili. Tukainua pamoja. Mama alilia kidogo nyonga ilipotikisika, naye mumeo akasimama palepale, hajui aweke chini au aendelee. "Twende," mama akamwambia. Tukaenda hivyo hivyo tumembeba na kiti chake, mpaka ndani, mpaka kitandani. Akamfunika miguu. Mama akafumba macho, akalala au akajifanya amelala.

Nilimtolea maji anawe mikono. Alinawa muda mrefu. Akasema atamleta fundi asindilie pale pawe pagumu, kiti kipite. Nikamwambia sawa. Akafika mlangoni, akasimama akinipa mgongo, akauliza kama umewahi kusema utarudi nyumbani.

Nilimwambia, "Shemeji, hilo lisipitie kwangu. Nenda ukamuulize mwenyewe."

Ameondoka leo asubuhi kwa basi la kwanza. Hii barua itakufikia nyuma yake.

Dada yako